Ukipata chumba cha hoteli kwa kutupa dau mtandaoni, mapokezi wanakupa chumba kibovu makusudi?

#1 Mkoba_Mwepesi (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kila uzi wa safari za Marekani humu ndani kuna mtu anadai kwamba ukinunua chumba kwenye zile tovuti za dau (wewe unataja bei, hoteli ikikubali umenunua), au zinazoficha jina la hoteli mpaka ulipie (Priceline, Hotwire na wenzao), basi ukifika mapokezi wanakuona ni mtu wa bei chee. Unapewa chumba jirani na lifti, ghorofa ya pili, dirisha linaangalia ukuta.

Hoja yangu: hiyo ni sera kabisa, ila haiandikwi popote. Hoteli ya nyota nne haiwezi kumpa aliyelipa dola 80 chumba sawa na aliyelipa dola 190. Wanaojua kazi za hoteli njooni mkubali au mkanushe. Nataka sababu, siyo "inategemea".

#2 Kiti_Cha_Mbele
Nimeshakaa. Leteni nondo.

#3 DawatiUsiku
Mleta uzi, unachanganya mambo mawili: anachokiona mhudumu wa mapokezi, na jinsi vyumba vinavyogawiwa.

Mhudumu akifungua buking yako haoni ulicholipa. Hela yako imebaki kwa tovuti. Hoteli inaona bei ya jumla, ile ndogo iliyokubaliana kulipwa na tovuti, na kwenye maelezo huwa kuna onyo kwamba bei hiyo mgeni asionyeshwe. Kinachomgonga macho ni msimbo wa bei. Ule msimbo unamwambia mambo matatu: analipa mwenye tovuti, hela hairudishwi, na mgeni hapati pointi za uanachama wa hoteli.

Vyumba sasa. Hoteli kubwa hupanga asubuhi, wewe ukiwa bado hujafunga begi. Wanaitoa orodha ya wanaoingia leo na kuanza kuwafungia watu vyumba: wageni maalumu, wanachama wa daraja za juu, wenye mahitaji (chumba cha kiti cha magurudumu, vyumba viwili vyenye mlango wa kati, kitanda cha mtoto), kisha walionunua aina mahususi, kama upande wa bahari au ghorofa za juu. Buking ya kificho imeandikwa "chumba chochote". Haiguswi, inasubiri ufike. Kwa hiyo hakuna aliyekaa akakuchagulia kibovu. Hujachaguliwa kitu.

#4 Mkoba_Mwepesi
Mkuu @DawatiUsiku, sasa tofauti iko wapi? Wa kwanza wamechukua vinono, mimi napewa makombo. Makusudi au si makusudi, kwenye mashine ya barafu inayounguruma usiku kucha nalala mimi.

#5 BintiHesabu
Naungana na #3 kwenye utaratibu, ila hilo la "makombo" silikubali. Tazameni upande wa hela.

Chumba kilicholala wazi usiku wa leo ni kama kiti cha ndege iliyokwisha ruka, kesho hukiuzi tena. Kukikalisha mgeni kunagharimu usafi, kufua mashuka, sabuni na umeme. Bei yoyote inayozidi hapo ni faida. Lakini hoteli haiwezi kuibandika dola 80 hadharani: waliobuku kwa 190 wataghairi na kununua upya, na makampuni yenye mkataba wa bei yatapiga simu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana jina linafichwa. Anayejali jina atalipa bei kamili, asiyejali atachukua ya kificho, na wawili hao hawakutani sokoni.

Anayefungua na kufunga mlango huo ni meneja wa mapato, tarehe kwa tarehe. Anaufungua pale anapoona usiku fulani haujazi. Sasa niambieni: usiku ambao dau lako limekubaliwa ndio usiku wenye vyumba tele. Makombo yatatoka wapi kwenye hoteli iliyo nusu tupu?

#6 DawatiUsiku
@BintiHesabu hapo kuna mashimo mawili.

Kwanza, mlango ulifunguliwa wiki tatu kabla. Katikati likaingia kundi la mkutano, au uwanja wa ndege umeahirisha safari na watu mia wanatafuta pa kulala. Siku ya kufika hoteli imejaa pomoni na buking zako za kificho zimo ndani.

Pili, hoteli nusu tupu mara nyingi hufunga ghorofa nzima. Hakuna haja ya kupoza hewa na kupeleka watu wa usafi ghorofa ya kumi na nne kwa ajili ya wageni sita. Wote wanashushwa chini. Kwa hiyo unaweza kukuta hoteli tupu na bado ukapewa ghorofa ya tatu, na jirani yako aliyelipa 190 yuko hapo hapo ukutani.

#7 Nahodha_NchiKavu
Mnasumbuka bure. Hotwire na Priceline ni kitu kimoja, kote unataja bei yako, wakikubali umenaswa. Mtu anayejipangia bei mwenyewe anategemea nini? Atulie na lifti yake.

#8 MzeeWaRisiti
@Nahodha_NchiKavu umechemka mkuu. Priceline ilianza 1998, mwanzilishi Jay Walker, na ile mbinu ya "taja bei yako" wakaipatia hataza Marekani mwaka huo huo. Walianza na tiketi za ndege, vyumba vikafuata. Hotwire ilikuja 2000 na haikuwa ya dau: bei wanaitaja wao, wanachoficha ni jina la hoteli.

Tena hata huko Priceline dau lenyewe limeshaondolewa. Kwenye ndege walilitoa 2016, na baadaye vyumba pia. Kilichobaki ni zile ofa za bei iliyotajwa na jina lililofichwa. Watu bado tunaita "dau" kwa mazoea. Kwa upande wa hoteli hakuna kilichobadilika: bei ya jumla ile ile, msimbo wa aina ile ile, mgeni yule yule asiyejua anakwenda wapi mpaka kadi ikatwe.

#9 Nahodha_NchiKavu
Nimekubali kwa shingo upande. Lakini enzi za dau kulikuwa na ujanja wa kurudia dau bila kusubiri siku nzima. Wazee wa kazi walikuwa wanafanyaje?

#10 MzeeWaRisiti
Ni historia sasa, ila inafaa kuelewa jinsi mitambo hii inavyofikiri.

Kanuni: dau likikataliwa, unasubiri saa 24 kurudia lile lile, isipokuwa ubadilishe kitu, yaani tarehe, kiwango cha nyota, au uongeze eneo la mji. Ujanja ulikuwa kuongeza eneo ambalo halina kabisa hoteli ya nyota unazotaka. Unataka nyota nne katikati ya mji, basi unaongeza kitongoji ambacho hoteli yake kubwa kuliko zote ni ya nyota tatu. Mtambo unahesabu umebadilisha ombi, unakuruhusu kupandisha dau dola chache papo hapo, na huko kitongojini huwezi kupelekwa kwa sababu hakuna kinacholingana. Mji wenye maeneo manne ya namna hiyo ulikupa marudio manne.

Walionaswa ni wale walioomba nyota tatu na kuongeza eneo lisilo na nyota tatu lakini lenye nyota nne. Mfumo ulikuwa na ruhusa ya kukupa kiwango ulichotaja *au zaidi*. Unajikuta hoteli nzuri, ila maili thelathini kutoka ulikotaka.

#11 ShukaNyeupe
Nirudi kwenye mada. Kuna kitu hakijasemwa: mtu wa usafi wa vyumba hajui bei ya mtu. Karatasi yake ina namba ya chumba, hali yake (anaondoka leo, anabaki, kimeshakuwa wazi), idadi ya watu, na pengine maelezo kama "mto wa ziada". Basi. Msimbo wa bei haufiki huko. Taulo, mashuka, sabuni na muda wa kusafisha ni vile vile kwa wote. Anayesema chumba cha dau hakisafishwi vizuri anapiga porojo.

Kinachotofautiana ni vitu vinavyopita mapokezi: chupa za maji za wanachama, vocha ya kifungua kinywa, saa za kuchelewa kutoka, intaneti ya bure. Kifungua kinywa nacho kina sura mbili. Kwenye hoteli ambazo ni desturi ya jina lao kumlisha kila anayelala, kama Embassy Suites, utakula hata ukija kwa kificho. Kwenye hoteli ambako chakula kinaambatana na bei au uanachama, hukipati.

#12 Kiti_Cha_Mbele
Kumbe sabuni ni zile zile. Mleta uzi punguza hasira basi.

#13 Mkoba_Mwepesi
Sabuni nimeisamehe. Vitanda je? Watu wawili na mizigo yao wanapewa kitanda kimoja, wengine mtu mmoja anapewa vitanda viwili vidogo. Hilo nalo ni bahati mbaya?

#14 GhorofaYaPili
Hapo ndipo nawapinga DawatiUsiku na BintiHesabu kwa pamoja. Siyo makusudi, siyo masalia. Ni aina ya chumba iliyofungwa kwenye msimbo.

Hoteli inapojiunga na tovuti ya kificho, lazima ofa iunganishwe na aina fulani ndani ya mfumo wa hoteli, tuseme Opera ya Oracle. Zipo zinazounganisha na "chumba chochote", lakini nyingi huunganisha na aina ya chini kabisa waliyo nayo, na mara nyingi ndiyo ile yenye vitanda viwili, kwa sababu ndiyo inayobaki siku za kazi. Buking ikishuka, inashuka na aina hiyo. Mhudumu anafungua orodha ya vyumba vya aina hiyo vilivyo safi, anachukua cha kwanza. Kukutoa hapo lazima abadilishe aina kwa mkono, na hoteli nyingine zinataka aandike sababu. Saa tisa alasiri, foleni watu kumi na wawili, nani ataandika sababu?

Tovuti yenyewe ahadi yake ni ndogo: chumba kinachotosha watu wazima wawili. Aina ya kitanda ni ombi tu. Wa tatu na wa nne wanaweza kutozwa mlangoni, au wakaambiwa chumba hakiruhusu.

#15 DawatiUsiku
Inawezekana kabisa kwenye hoteli za minyororo (jina moja, matawi mengi). Kwenye hoteli nyingine nyingi bado ni "chochote". Ila jambo moja tuongeze: ombi uliloliandika kwenye tovuti mara nyingi halifiki. Linakaa kwenye ukurasa wa tovuti upande wa hoteli, au linashuka kama sentensi ndefu iliyokatwa katikati kwenye sehemu ya maelezo ambayo anayepanga vyumba haifungui.

Namna ya kulifikisha:
Subiri buking iingie kwenye mfumo wa hoteli. Ukipiga nusu saa baada ya kulipa watakuambia hawakujui. Ipe mpaka kesho yake. Piga namba ya hoteli yenyewe, siyo ya makao makuu ya mnyororo, kwa sababu wa makao makuu haoni ramani ya vyumba. Usipige kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ndiyo saa ya watu kutoka. Jioni ya siku moja kabla ya kufika ni nzuri zaidi, kwa sababu anayepanga kesho asubuhi atalikuta. Uliza namba ya buking *ya hoteli*, ile ya tovuti haiwasaidii. Omba kitu kimoja: kitanda kimoja kikubwa, AU mbali na lifti. Ukiomba vitu sita wanaandika cha kwanza.

#16 BintiHesabu
Na usitaje bei uliyolipa. Haikusaidii chochote na inamkumbusha mtu kitu ambacho hakuwa anakiwaza.

#17 Lulu_Baharini
Samahani kwa kuingilia. Kuna wanaoambiwa mapokezi "kadi yako imekataliwa" na wakati walishalipa kila kitu kwenye tovuti. Inakuwaje?

#18 MzeeWaRisiti
Hili swali lina uzito kuliko la lifti, maana linagusa mfuko.

Ukilipa tovuti, tovuti haimpi hoteli kadi yako. Inatengeneza kadi pepe, namba ya kadi ya buking hiyo moja, na kuituma pamoja na buking. Ina masharti: inaanza kufanya kazi siku ya kuingia, na ina kiasi kamili cha bei ya jumla pamoja na kodi, bila senti ya ziada. Mambo yanaharibika hivi.

Mhudumu anaijaribu kadi siku moja kabla. Inakataa. Anaandika "kadi imekataliwa" na zamu inayofuata inakudai wewe.

Au anaongeza maegesho au ada nyingine juu ya bei ya chumba na kukata yote kwa pamoja. Kiasi kimezidi hata dola moja, inakataa.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Wewe unafika, anaomba kadi ya dhamana ya vitu vya ziada, anaipitisha, na mfumo unaiweka *badala* ya kadi pepe. Usiku chumba kinakatwa kwako. Kesho yake mhasibu anaona kadi pepe haijatumika, naye anaikata. Chumba kimelipwa mara mbili, na wewe hujui mpaka benki ikutumie ujumbe.

Bili iliyopangwa vizuri ina kurasa mbili: ya kwanza chumba na kodi, mlipaji ni tovuti, ya pili vya ziada, mlipaji ni wewe. Wakati wa kuingia sema hivi: "Chumba na kodi vimelipwa na tovuti, kadi hii ni ya vitu vya ziada tu." Wakati wa kutoka omba bili yako. Ukiona bei ya chumba kwenye karatasi uliyopewa wewe, simama hapo hapo, usiondoke. Ukurasa wako unatakiwa kuwa mtupu au uwe na maegesho na chakula peke yake.

Wenye kadi za debiti: pesa ya dhamana inashikiliwa kweli kwenye akaunti, na baada ya kutoka benki inaweza kuchukua siku kadhaa za kazi kuiachia. Uliza kiasi kabla hawajapitisha.

#19 Lulu_Baharini
Asante sana mzee.

#20 GhorofaYaPili
Hilo la kadi pepe pia ndiyo sababu risiti ya hoteli haina bei. Wanaotaka kurudishiwa gharama na ofisi wanahangaika kwa mhudumu bure, hawezi kuitoa. Risiti inatoka tovuti, na hata huko kodi na ada ya huduma huwa vimechanganywa mstari mmoja. Miji kadhaa ya Marekani ilizishtaki tovuti kwa hilo hilo, ikitaka kodi ya kulala ihesabiwe kwenye bei aliyolipa mgeni, siyo ile ndogo inayopelekwa hotelini.

#21 Nahodha_NchiKavu
Tuje kwenye lililo moyoni mwa kila mtu. Hoteli imeuza vyumba kupita idadi. Nani anapelekwa hoteli ya jirani? Si mtu wa dau?

#22 DawatiUsiku
Wa dau yuko juu ya orodha, nisifiche. Kabla giza halijaingia meneja wa zamu anatazama ambao hawajafika na kutafuta: analala usiku mmoja, si mwanachama, yuko peke yake, bei ya chini, amechelewa. Mtu wa kificho mara nyingi ana sifa zote tano. Kumhamisha mwanachama wa daraja la juu ni ghali: mnyororo wa Marriott, kwa mfano, una ahadi ya fidia ya maandishi kwa wanachama hao waliobuku moja kwa moja.

#23 BintiHesabu
Sikubali kwamba ni rahisi hivyo. Mgeni wa tovuti ana baba mkubwa. Ukimhamisha, tovuti inapiga simu, inaidai hoteli tofauti ya bei na usafiri, na matukio yakijirudia hoteli inashushwa kwenye matokeo ya utafutaji. Aliyepiga simu mwenyewe akabuku bila uanachama hana wa kumsemea. Hoteli nyingine zinahamisha huyo kwanza.

#24 DawatiUsiku
Hilo analijua meneja wa mchana. Saa sita usiku hakuna anayewaza matokeo ya utafutaji, anawaza nani atakayefoka kwa sauti ndogo.

#25 BintiHesabu
😂 Haya. Ila umekiri kwamba ni suala la zamu, siyo sera.

#26 ShukaNyeupe
Anayechelewa azingatie kitu kingine. Kuna ukaguzi wa usiku, kwa kawaida kati ya saa nane na saa kumi usiku, ambapo mfumo unafunga siku. Aliyekuwa hajafika anageuzwa "hakutokea". Kadi pepe inakatwa usiku wa kwanza au wote, na buking *nzima* inaweza kufutwa, hata kama ulilipia siku nne. Ukifika asubuhi unaambiwa huna chumba na hela imeshaliwa. Ndege ikichelewa, piga simu hotelini kabla ya ukaguzi, waandike "anachelewa, msimfute", na chukua jina la uliyeongea naye. Kuiambia tovuti peke yake haitoshi. Ujumbe wao unaweza kukaa kwenye kikasha mpaka asubuhi.

#27 Kiti_Cha_Mbele
Na zile noti za dola 20 zinazokunjwa kati ya kitambulisho na kadi, Las Vegas, unauliza kwa upole kama kuna "nafasi ya kupandishwa"? Mnasemaje?

#28 GhorofaYaPili
Inategemea (samahani mleta uzi). Kama vyumba vya juu vipo wazi na mhudumu ana ruhusa, anaweza kukuhamisha. Kama havipo, mstaarabu anakurudishia noti. Lakini kwa hoteli nyingi za kawaida, kuuliza bila noti kuna nguvu ile ile: "Kuna chumba mbali na lifti ambacho kiko tayari?" Kumbuka neno *tayari*. Ukifika saa saba mchana vilivyo safi ni vichache. Ukifika kati ya saa kumi na saa kumi na mbili vingi vimeshasafishwa, na wewe hujafungiwa chumba, kwa hiyo mhudumu ana uhuru na wewe kuliko na yule aliyepangiwa asubuhi. Hii ndiyo faida pekee ya kutochaguliwa kitu.

#29 Mkoba_Mwepesi
Hiyo nimeipenda. Pointi je? Wenye kadi za uanachama wanafaidi chochote?

#30 MzeeWaRisiti
Minyororo kama Marriott, Hilton, Hyatt, IHG: kwa kawaida buking ya tovuti ya nje haikupi pointi za chumba wala usiku wa kuhesabiwa kuelekea daraja, na marupurupu ya daraja hayana dhamana. Weka namba yako kwenye buking hata hivyo. Chakula ulichotoza chumbani kinaweza kukupa pointi kwa baadhi yao, na jina lako likionekana lina daraja, mhudumu anaweza kukupa maji au ghorofa ya juu kwa hiari yake. Ni hiari, usiidai.

#31 Lulu_Baharini
Na ada ya resoti? Watu hukuta mlangoni dola 40 kwa usiku juu ya bei waliyolipa.

#32 BintiHesabu
Ada ya resoti inakwenda hotelini moja kwa moja, haimo kwenye kadi pepe, na kuja kwa bei ya kificho hakukuondolei. Ilikuwa inafichwa kwenye maandishi madogo. Marekani tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni ya FTC (tume ya biashara ya serikali kuu): anayetangaza bei ya malazi ya muda mfupi lazima aonyeshe jumla yenye ada za lazima ndani yake. Ada haijafutwa, inaonyeshwa tu mapema. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa malipo tazama mistari miwili: "unalipa sasa" na "utalipa hotelini". Maegesho hayamo kabisa, kwa sababu si ya lazima. Hoteli ya katikati ya mji inaweza kula akiba yako yote kwenye maegesho.

#33 Nahodha_NchiKavu
Chumba kikiwa kibovu kweli, maji hayatoki, unapewa hela yako?

#34 MzeeWaRisiti
Mhudumu hawezi kukurudishia, hela yako hana. Na hata akirudisha, inarudi kwenye kadi pepe, yaani kwa tovuti. Mpangilio ni huu: kwanza waambie mapokezi *ukiwa bado umo*, wape nafasi ya kukuhamisha chumba. Wasipoweza, muombe meneja wa zamu aseme kwamba anakubali kutotoza usiku fulani, chukua jina lake na saa. Kisha piga tovuti ukiwa umesimama pale pale mapokezi. Tovuti itampigia huyo meneja kuthibitisha. Akikubali kwa simu, wanafungua marejesho. Akiwa ametoka zamu, wa zamu mpya atasema hajui kitu, na kesi imekufa. Ukilalamika ukiwa umeshafika nyumbani, jibu huwa "ungetuambia ukiwa hapo".

Picha za bomba zinasaidia kiasi. Jina la meneja linasaidia zaidi.

#35 ShukaNyeupe
Kuna wanaotaka kuongeza usiku mmoja wakidhani watapewa bei ile ile. Mapokezi watakutajia bei yao ya siku hiyo, ya tovuti hawana uwezo nayo. Unaweza kurudi kutafuta ofa ya kificho tena, lakini hakuna uhakika kwamba itaangukia hoteli ile ile. Ikitokea ni ile ile, utakuwa na buking mbili zenye namba mbili. Usiposema, mfumo utakuona unatoka saa tano asubuhi na ufunguo wako wa kadi utakufa. Mpigie mhudumu usiku wa kabla, mpe namba zote mbili, aziunganishe na akubakishe chumba hicho hicho.

#36 GhorofaYaPili
Na hapo ndipo aina ya chumba inarudi kukuuma. Kama ya kwanza ilishuka kama vitanda viwili na ya pili ukaibuku moja kwa moja kama kitanda kimoja, anaweza kukataa kuunganisha mpaka abadilishe moja wapo. Muulize ya kwanza imesoma nini kabla hujanunua ya pili.

#37 DawatiUsiku
GhorofaYaPili na aina zake za vyumba 😂. Kwenye "chumba chochote" tatizo hilo halipo, mhudumu anavuta tarehe mbele na ufunguo unachomwa upya.

#38 GhorofaYaPili
Haya, taja hoteli ya mnyororo ambayo bado inashusha "chochote" kwenye mfumo. Nasubiri.